Amri bila posho haishikiki: serikali tano jirani na ugonjwa wa korona



Katika mikutano ya matawi tunayozungukia, viwandani na mashambani, kuna swali moja ambalo halijaisha ijapokuwa miaka imepita. Wakati wa korona, ni serikali gani ya Afrika Mashariki iliyofanya vizuri? Mmoja husimama akasema ni Tanzania, kwa sababu haikumfungia mtu ndani. Mwingine humjibu kwamba ni Rwanda, kwa sababu ilipima watu na kuwahesabu. Wa tatu husema ni sisi Uganda, kwa kuwa miezi minne ya kwanza hakikutangazwa kifo hata kimoja. Mara nyingi mkutano hufungwa na ubishi bado unaendelea.

Ubishi huo si wa bure. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha, lakini magonjwa ya virusi hayajakwisha. Ebola ilizuka Mubende mwezi wa Septemba 2022, na Januari 2025 ikaonekana Kampala. Mpox ilivuka kutoka Kongo mwaka 2024 ikaingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Ugonjwa mwingine utakuja. Utakapokuja, serikali itatoa amri, na amri hiyo itamwangukia kwanza mtu anayeishi kwa mshahara wa siku. Kwa hiyo yafaa tujue tangu sasa la kudai.

Katika makala haya tutazipima serikali tano kwa maswali matatu tu. La kwanza: je, serikali iliwaambia watu ukweli? La pili: je, yule iliyemkataza kutoka kutafuta riziki, ilimlisha? La tatu: je, wafanyakazi waliitwa mezani amri zilipotungwa? Hatutazipima kwa ukali wa amri zao, maana ukali peke yake si dawa.

KWA NINI UGONJWA HUU ULITUHUSU SISI

Virusi vya korona husafiri kwa hewa anayoitoa mtu anapoongea, anapokohoa au anapoimba. Mwenye navyo huweza kuambukiza wenzake siku moja au mbili kabla yeye mwenyewe hajahisi homa. Ndiyo maana kile kipimo cha joto kilichowekwa kwenye lango la kiwanda kiliwaacha wengi wakapita. Ugonjwa ulipenda mahali penye watu wengi na hewa kidogo: chumba cha kupakia bidhaa, trela linalobeba vibarua alfajiri, nyumba za laini ambamo watu sita hulala chumba kimoja.

Njia za kuuzuia ni tatu. Ya kwanza ni kupunguza watu kukutana. Ya pili ni kumpata mgonjwa mapema na kumtenga. Ya tatu ni chanjo. Angalieni sasa, ndugu, jinsi njia hizi zinavyomtegemea mfanyakazi. Ya kwanza inamtaka akae nyumbani bila mshahara. Ya pili inamtaka aseme wazi kwamba anaumwa. Lakini mtu ambaye siku ya ugonjwa hailipwi ataficha kikohozi chake, atameza kidonge na kuja zamu. Si kwamba hapendi wenzake, ni kwamba watoto wake watalala njaa. Daktari anaweza kuwa na vipimo vizuri namna gani, lakini mgonjwa anayeogopa kufukuzwa hatajitokeza kupimwa.

Basi jambo la mshahara na posho si jambo la pembeni katika vita na ugonjwa, bali ni sehemu ya dawa yenyewe. Serikali iliyoelewa hivyo ilitiiwa kwa urahisi zaidi, na iliyosahau ililazimika kutumia fimbo.

RWANDA: HESABU NZURI, MKONO MZITO

Rwanda ilipata mgonjwa wa kwanza tarehe 14 Machi 2020. Wiki moja baadaye, usiku wa 21 Machi, nchi nzima ilifungwa. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa za Afrika kufanya hivyo, na ilibaki imefungwa hadi 4 Mei.

Kwa swali la ukweli, Rwanda ilijitahidi. Idadi ya waliopimwa, waliougua na waliokufa ilitangazwa kila siku. Vipimo vilikuwa ghali na vichache, basi wataalamu wao wakachanganya sampuli za watu kadhaa na kuzipima pamoja. Mchanganyiko ukionekana safi, wote wako salama. Ukionekana na virusi, ndipo hupimwa mmoja mmoja. Kwa njia hiyo pesa kidogo ilipima watu wengi.

Kwa swali la posho, chakula kiligawanywa nyumba kwa nyumba kupitia viongozi wa vijiji, ambao wanazijua familia zisizo na kitu. Mwezi wa Aprili mawaziri na wakuu wa mashirika ya serikali waliachia mshahara wao wa mwezi mmoja. Fedha hiyo haikuweza kulisha nchi, lakini mtu mwenye njaa huona tofauti kati ya kiongozi aliyetoa na kiongozi aliyehubiri tu. Chanjo zilipopatikana, Rwanda ikawa kati ya nchi chache za Afrika zilizofikia lengo la kuchanja watu 40 katika kila 100 kabla ya mwaka 2021 kwisha.

Hata hivyo mkono ulikuwa mzito. Waliokutwa nje baada ya saa zilizowekwa walikusanywa katika viwanja vya mpira, wakakeshwa huko wakisomewa mafundisho ya korona. Amri zilitungwa na baraza la mawaziri zikashuka chini. Mwananchi alilishwa na kuhesabiwa, lakini hakuulizwa.

UGANDA: TULIANZA MAPEMA, TUKACHOKA KABLA YA SAFARI KWISHA

Kwetu Uganda shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na mgonjwa wa kwanza akapatikana siku ya pili yake. Tarehe 25 Machi teksi, mabasi na bodaboda za abiria zilizuiwa. Jioni ya 30 Machi Rais alitangaza kwamba hata magari ya watu binafsi yasitembee tena, na kwamba hakuna kutoka nje kuanzia saa moja jioni.

Lazima tuseme haki. Hatua hizi za mapema zilizuia ugonjwa usienee haraka. Kifo cha kwanza cha korona nchini Uganda kilitangazwa Julai 2020, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza. Idadi ya wagonjwa ilitangazwa pia, na nchi yetu ilikuwa na maabara na wauguzi waliozoea Ebola tangu ile ya Gulu mwaka 2000. Kwa swali la ukweli, miezi ya mwanzo tulifaulu.

Swali la posho ndilo lililotushinda. Tarehe 4 Aprili serikali ilianza kugawa chakula: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, pamoja na chumvi. Waliolengwa walikuwa watu milioni 1 na nusu wa Kampala na Wakiso. Ilikuwa kazi kubwa, tusiidharau. Lakini mkata miwa hakai Kampala wala Wakiso, na mchuma chai wa magharibi hakai huko. Kwao gari lilizuiwa kama Kampala, ila unga haukuja. Mwaka 2021 nchi ilipofungwa tena kwa siku 42, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu wapatao laki 5 wa mijini. Gawanyeni wenyewe: ni kama shilingi 2,400 kwa siku kwa nyumba nzima.

Halafu kuna jambo la kambi za viwandani, ambalo ndugu zetu wa nchi jirani hutuuliza sana. Amri ya 30 Machi 2020 ilisema kwamba kiwanda kinachotaka kuendelea kuzalisha kiwaweke wafanyakazi wake wa lazima walale hapohapo kwenye eneo la kiwanda. Kisichoweza, kisimame kwa siku 14. Kwa mtaalamu wa magonjwa hilo ni wazo la busara, maana linakata njia ya virusi kati ya kiwanda na mtaa. Kwa mfanyakazi lilikuwa jambo lingine. Amri ilisema walale kiwandani. Haikusema walale juu ya nini, wale nini, walipwe saa ngapi, wala nani atawatazamia watoto.

Sisi wa chama tulizunguka malango tulikoweza kufika. Mahali pengine tajiri alileta magodoro, akapikisha chakula na kuongeza posho ya usiku, na kazi ilikwenda bila manung'uniko. Mahali pengine wenzetu walilala juu ya makaratasi ya maboksi katikati ya mashine, choo kimoja watu wengi, na mwisho wa mwezi chakula kikakatwa kwenye mshahara. Vibarua waliambiwa warudi nyumbani wangoje kuitwa. Amri ilikuwa ileile moja. Tofauti ilikuwa kama pale mahali pana tawi lenye nguvu na mapatano yaliyoandikwa, au hapana.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu kwetu. Shule zetu hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi, na wasichana wengi wa mashambani hawakurudi tena darasani. Na wimbi la pili lilipofika Juni 2021, oksijeni ilipungua hospitalini, na hospitali za kulipia zikadai mamilioni ya shilingi kwa mgonjwa mmoja. Mwaka mzima tulikuwa tumefungiwa ili hospitali zipate nafasi ya kujitayarisha. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza: nafasi hiyo tuliyoinunua kwa njaa yetu, ilitumika vipi?

KENYA: WALIKAA MEZANI, LAKINI FIMBO IKAFIKA KWANZA

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Haikuifunga nchi nzima kama sisi. Iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia 27 Machi, na mwezi wa Aprili ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Mashamba ya chai na viwanda vingi viliendelea.

Idadi ya wagonjwa ilitangazwa kila siku na waziri wa afya. Kwa swali la tatu, Kenya ilifanya jambo ambalo sisi tunalitamani. Mwezi wa Aprili 2020 shirikisho la vyama vya wafanyakazi COTU, shirikisho la waajiri FKE na wizara ya kazi walitia sahihi mapatano ya pamoja. Yalisema waajiri na wafanyakazi wajadiliane kwanza kabla ya kupunguza watu au mishahara. Karatasi hiyo haikuokoa kila kazi. Ulaya ilipoacha kununua maua, maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya Naivasha walipelekwa likizo bila malipo. Lakini mwenye chama alikuwa na karatasi ya kushika mkononi alipokwenda kwa meneja.

Kuhusu posho, serikali ya Kenya iliondoa kodi ya mshahara kwa anayepata shilingi 24,000 za Kenya au chini ya hapo kwa mwezi, hadi mwisho wa mwaka 2020. Ni jambo jema kwa mwenye hati ya mshahara. Kibarua hana hati ya mshahara, na aliyefukuzwa hana mshahara wa kupunguziwa kodi.

Fimbo nayo ilifika mapema. Jioni ya 27 Machi, siku ya kwanza ya amri ya usiku, wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamejipanga kwenye kivuko cha Likoni wakijaribu kuwahi nyumbani. Kivuko kilikuwa kimepunguzwa watu ili wasisongamane, na saa ikawapita wakiwa bado foleni. Polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi, wakalala chini wakiwa wamebanana kuliko walivyokuwa kabla. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi Nairobi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mwanzoni mwa Juni mamlaka ya Kenya inayosimamia polisi ilisema inachunguza vifo 15 vilivyohusishwa na utekelezaji wa amri hizo. Wakati huo waliouawa na korona nchini humo hawakuwa wamefika 100.

TANZANIA: KAZI ILIENDELEA, HESABU IKASIMAMA

Tanzania ilipata mgonjwa wa kwanza Arusha, tarehe 16 Machi 2020. Shule na vyuo vilifungwa, mikusanyiko ikapunguzwa, lakini masoko, viwanda na mabasi viliendelea. Hayati Rais Magufuli alisema wazi kwamba maskini akifungiwa ndani atakufa kwa njaa.

Tusilipuuze neno hilo, kwa maana lina ukweli ndani yake. Mchuuzi wa Kariakoo hakupigwa kwa kutafuta riziki. Wengi wetu tuliokuwa tumefungiwa tuliwaonea wivu ndugu wa Mwanza na Bukoba.

Lakini mwisho wa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutangaza hesabu. Wakati huo wagonjwa walioandikwa walikuwa 509 na waliokufa 21, na namba hizo zilibaki palepale zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei Rais alisema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na zikaonekana kuwa na korona, na kwa hiyo vipimo haviaminiki. Mwezi wa Juni alitangaza kwamba maombi yameuondoa ugonjwa. Februari 2021 waziri wa afya alisema nchi haina mpango wa kuchukua chanjo.

Je, hili lilimdhuru nani? Mtu mkubwa ana daktari wake, anaweza kujua. Mfanyakazi wa kiwandani hana. Serikali ikisema ugonjwa haupo, tawi la chama litadai barakoa kwa sababu gani? Litadai likizo ya ugonjwa kwa ugonjwa gani? Muuguzi atadai glavu kwa hatari ipi? Hesabu ya wagonjwa ni silaha ya mfanyakazi. Akinyang'anywa, amebaki mikono mitupu mbele ya tajiri. Na kuacha nchi wazi hakukuokoa kazi zote: watalii waliofika Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, lakini mwaka 2020 walikuwa karibu 620,000, na wafanyakazi wa mahoteli walirudi vijijini bila nchi kufungwa hata siku moja.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Serikali ilisema ni ugonjwa wa moyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, akakubali chanjo, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa yeye mwenyewe hadharani. Hesabu zikarudi. Wanaotumia vitabu vya takwimu leo waangalie: Tanzania, yenye watu zaidi ya milioni 60, imeandikwa kuwa na vifo vya korona chini ya 900. Rwanda, yenye watu kama milioni 13, imeandikwa zaidi ya 1,400. Msidhani kwamba korona iliwahurumia Watanzania. Anayepima kidogo huandika kidogo.

BURUNDI: MLANGO ULIOFUNGULIWA BAADAYE

Burundi ilitangaza wagonjwa wa kwanza tarehe 31 Machi 2020. Kampeni za uchaguzi ziliendelea kwa mikutano mikubwa, na siku chache kabla ya kura ya 20 Mei, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani alifukuzwa nchini. Tarehe 8 Juni Rais Nkurunziza alifariki ghafla, na serikali ikasema moyo ulisimama.

Rais mpya, Ndayishimiye, aligeuza usukani. Mwisho wa Juni alisema korona ni adui mkubwa wa nchi. Mwezi wa Julai watu walianza kupimwa kwa wingi bila malipo, na bei ya sabuni ya bluu, ile ya kufulia ambayo kila nyumba ya maskini inaijua, ikapunguzwa kwa nusu. Tunaliandika hili kwa makusudi. Serikali nyingi zilisema, "Naweni mikono." Burundi ilikuwa kati ya chache zilizojiuliza sabuni inanunuliwa kwa pesa gani. Chanjo lakini walianza kuitoa kwa kuchelewa, Oktoba 2021. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nchi zote mbili, Tanzania na Burundi, zilisubiri viongozi wapya ndipo zikafungua kinywa.

MPAKANI: ALIYELIPA NI DEREVA

Mpaka sasa tumeieleza kila nchi peke yake. Lakini virusi havibebi pasipoti, na mahali palipoonyesha hivyo wazi ni mpakani, kwa madereva wa malori.

Chakula, mafuta na dawa vilitakiwa viendelee kupita, basi malori yakaruhusiwa wakati abiria wamezuiwa. Serikali zilitoa masharti mbalimbali. Aliyepimwa upande mmoja alipimwa tena upande wa pili, maana cheti cha jirani hakikukubaliwa. Malaba foleni ya malori ilifika kilomita nyingi, madereva wakilala chini ya trela siku baada ya siku, bila choo wala maji ya kunawa. Rwanda ilitaka madereva wabadilishane mpakani Rusumo, na madereva wa Tanzania wakagoma. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na upande wa Tanzania nao ukajibu kwa kuzuia malori. Siku nne kabla ya hapo, 12 Mei, wakuu wa nchi za Jumuiya walikutana kwa video. Walikuwapo Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Tanzania na Burundi hazikuwapo.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kwetu Uganda dereva aliitwa mleta korona, akakataliwa chakula na malazi njiani, wakati unga tuliokula ulikuwa mgongoni mwa lori lake. Baadaye mwaka huo Jumuiya ilianzisha mfumo wa simu wa kuonyesha cheti cha dereva mipakani. Ni jambo ambalo lingeweza kuwa tayari siku ya kwanza kama serikali zingekuwa na mazoea ya kukaa pamoja.

Na mbali zaidi ya mipaka yetu kulikuwa na ubaguzi mkubwa zaidi, wa chanjo. Nchi tajiri zilinunua dozi kuliko idadi ya watu wao, na India ilipozuia kuuza nje mwaka 2021 sisi tukabaki tukingoja. India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 kwamba haki za kampuni juu ya chanjo zisimamishwe ili nchi nyingine zitengeneze zenyewe. Jibu la Shirika la Biashara Duniani lilikuja Juni 2022, nusunusu, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

TUNAJIFUNZA NINI

Sasa turudi kwenye ubishi wa matawi. Anayesema Tanzania ilifanya vizuri kwa kutofunga, ana haki kwamba njaa nayo huua. Anayesema Rwanda ilifanya vizuri kwa kuhesabu, ana haki kwamba ujinga nao huua. Kosa ni kudhani kwamba lazima tuchague kimoja. Ukweli na posho huenda pamoja. Serikali yenye hesabu bila posho huishia kwenye fimbo ya Likoni. Serikali yenye huruma bila hesabu humwacha mfanyakazi afe bila kujua anakufa kwa nini. Na vyote viwili hupotea njiani ikiwa mfanyakazi hakukaa mezani, kama magodoro yaliyosahauliwa katika amri ya kambi.

Tuongeze neno juu ya akiba yetu. Januari 2022 sheria ya NSSF ilibadilishwa, na mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 akaruhusiwa kutoa hadi sehemu 20 katika 100 ya akiba yake. Wengi walishangilia kwa sababu walikuwa na madeni. Lakini tuelewe maana yake: tulijilisha kwa fedha za uzee wetu wenyewe. Hiyo si posho.

MAMBO YA KUDAI SASA

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi, ambazo kila nchi mwanachama lazima iziheshimu. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya karibu asiadhibiwe. Tushike hapo. Kila tawi linapofungua mazungumzo ya mapatano mapya na mwajiri, liweke kifungu cha magonjwa ya mlipuko chenye mambo haya:

1. Anayetengwa kwa amri ya afya alipwe mshahara wake, na siku hizo zisihesabiwe kwenye likizo yake.

2. Kambi ya kiwandani iwe kwa hiari. Godoro, chakula, choo na maji viwe juu ya mwajiri, na saa za ziada zilipwe.

3. Kibarua awemo. Ugonjwa haumuulizi mtu kama ameandikishwa, na mapatano yasimuulize.

4. Kamati ya usalama ya wafanyakazi ipewe idadi ya wagonjwa wa kiwanda au shamba kila siku, bila majina yao.

5. Hakuna kupunguza watu wala mishahara kabla ya kukaa na chama.

Kwa serikali, kupitia wabunge wa wafanyakazi, tudai kwamba orodha ya wa kupewa chakula iandaliwe kabla ya ugonjwa, ikiwa na makambi ya mashamba. Kwa vyama vya Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, tudai pamoja kwamba cheti cha dereva kikubaliwe nchi zote tangu siku ya kwanza.

Makatibu wa matawi wasome makala haya kwa sauti katika mkutano ujao, kwa ajili ya wenzetu wasiojua kusoma, kisha kila tawi liandike mambo yake likiyatazama mapatano yaliyopo. Tawi ambalo mapatano yake yanakwisha mwaka huu lianze bila kungoja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tusipoyaandika sisi, hakuna atakayetuandikia.

Umoja ni nguvu.